Mishono ya Daktari

Tarehe 4 Juni

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko kazini? Mimi mzima, isipokuwa hiki kidole gumba. Daktari anasema kiungo cha shinani kimelika, mfupa unasaga mfupa, ndiyo maana mkasi unaniponyoka. Watakitoa kiungo hicho waweke cha bandia. Nimekubali. Fundi cherehani asiyeweza kushika mkasi ni wa nini? Usijisumbue kuja, shangazi yako yupo.

Mama yako

Tarehe 22 Juni

Mama,

Shikamoo. Shangazi ameniambia upasuaji umekwenda vizuri, nikashusha pumzi. Sasa nakuomba, bendeji isiguswe mpaka siku ya kliniki. Nakujua, mikono yako haijui kutulia.

Bintiyo

Tarehe 27 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Naendelea vyema. Jana nilifungua kidogo nichungulie kazi ya daktari, nikacheka peke yangu. Uzi ameuvuta mno, ngozi imejikunja kama kwapa la gauni lililoshonwa na mwanagenzi. Kazi ile nisingemkabidhi mteja. Nikachemsha wembe wangu wa kufumulia, nikafumua wote, nikabana kwa plasta. Sasa pamelala sawa. Usimwambie shangazi yako, hana breki mdomoni.

Mama

Tarehe 29 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimeshindwa kula tangu nisome barua yako. Uzi ule ulikuwa umefunga mlango, na nyuma yake kuna kitu kigeni ndani ya mfupa wako. Simu umeizima, najua ni kwa sababu yangu. Je, pana joto? Panatoa harufu? Nenda hospitali leo. Naogopa, mama.

Bintiyo

Tarehe 1 Julai

Mwanangu,

Umeamkaje? Usinigombeze. Joto lipo, ni la kupona. Kuna mstari mwekundu umepanda mpaka karibu na kiwiko, umenyooka kuliko chaki yangu. Shangazi yako ameuona, kelele tupu. Nimemwambia Jumatatu nitakwenda, nimalize kwanza gauni la bibi harusi.

Mama

Tarehe 9 Julai

Mwanangu,

Anayeandika ni shangazi yako, maneno ni yangu. Nipo wodini, homa imeshuka. Mkono wameukata chini ya kiwiko. Walisema ni mkono au mimi, na shangazi yako akachagua, kwa kuwa mimi sikuwa na fahamu.

Leo asubuhi amenifunga vifungo vya gauni, kimoja kimoja, nikiwa nimesimama kama mtoto. Nimelia mbele za watu. Njoo, mwanangu.

Mama yako