Usirudishe Maji Sakafuni

Baba Watoto,

Orodha ya vitu vilivyolowa nimeifikisha namba kumi na tisa, godoro la watoto. Naiacha hapo, naenda kuwaambia wateja kwamba nguo zao zitachelewa.

Hongera kwa usafi. Bomba la ghorofa ya juu lilipopasuka asubuhi nilikimbia kumwita mwenye nyumba, na niliporudi ulikuwa umeshakausha sakafu na kupanga kila kitu kama tunatarajia wageni. Yule mtu wa bima alipopiga simu akitaka picha za vitu vikiwa vimelowa, ukaniambia, "Usihangaike, mke wangu, nitamwaga tena ndoo mbili, tupige picha." Asante. Tafadhali usimwage. Nataka kulipwa, sitaki kufungwa.

Bima ya mwenye nyumba ni ya kuta na dari yake. Vitu vyetu vinategemea ile ya wapangaji, ambayo mwaka jana uliiita bima ya waoga. Mwoga wako ndiye aliyejaza fomu.

Chakula kiko jikoni. Mapazia uliyoanika yaache hapohapo. ~~Cherehani ifute kidogo kwa~~ Cherehani usiiguse kabisa. Mota bado ina maji, na ndio ushahidi pekee ulionibakishia. Usiiwashe kuona kama inafanya kazi, nakujua. Mkaguzi anakuja kesho saa nne, na bila mashine hiyo mimi sina kazi.

Kuanzia namba ishirini tutaandika kesho asubuhi. Wewe utataja, kalamu nitashika mimi.

Mama Watoto