Sufuria Iliyo Chini ya Kitanda

Mke wangu, Mama Feza,

Ulikuwa ukinicheka kwamba siwezi kuandika hata mistari miwili bila kuuliza kwanza habari za afya. Leo sitaziuliza, kwa kuwa hapo ulipolala haziulizwi tena. Nimekuja na aibu, na nyumbani humu hakuna mwingine wa kuipokea. Maneno yako nitayaandika kama ulivyoyasema. Nimekwisha kukusahihisha vya kutosha.

Unakumbuka siku kompyuta ilipofika ofisini kwetu bandarini, imeshushwa kwenye treni ya Lubumbashi ikiwa imefungwa kwa magodoro kama mgonjwa? Mimi nilikuwa mkuu wa ofisi, wewe mpiga taipu. Mapadre walikuwa wamenifundisha kwamba neno lisilo na kazi katika sentensi lifutwe. Nilipoona ile programu ya kuandikia, na amri zake za kugawa ukurasa katika safu, kuchora mistari na kukuza herufi kwenye kioo cha mashine, nilikunja uso.

"Mashine ya kuandikia iandike," nilisema. "Basi."

Ukaniuliza mbele ya wafanyakazi wote: "Na ile sufuria yetu kubwa, Papa Feza? Tunapikia bukari ya kila siku?"

Ile sufuria haipikii ugali wa kila siku; hutoka tu panapokuwa na kilio kwa jirani, kisha hurudi ikiwa nyeusi kuliko ilivyotoka. Nikakujibu kwamba sufuria hainizuii kupita.

"Haikuzuii sababu iko chini ya kitanda. Na hizi amri nazo uziache chini ya kitanda. Nani amekutuma uzikanyage?"

Ofisi nzima ilicheka. Nilitazama ziwa dirishani mpaka waliponyamaza.

Hata hivyo sikuwa nimekosea kabisa, nawe ulilijua hilo. Siku moja boti ya Kigoma ilikuwa ikisubiri hati za mizigo, kidole chako kikagusa kitufe kisichohusika, na ukurasa ukajigawa vipande vyembamba. Nahodha alisimama mlangoni akisema, "Mama, nilete mbuzi atafune hiyo mashine?" Ukaziandika zote upya kwa mkono. Nilipokuuliza kama sasa unaona, ulinijibu: "Naona. Kuna mutu ameacha sufuria mulangoni. Lakini sufuria yenyewe haina makosa."

Baadaye macho yangu yakaanza kufifia. Sikumwambia mtu, kwa maana mkuu wa ofisi asiyeona makosa ya wengine atawasahihishaje? Nawe ulikuwa umeanza kuugua. Asubuhi moja niliketi mbele ya kioo, nikakuta herufi zimekuwa kubwa kama za mabango ya maduka. Nilijua ni mkono wako. Jioni ulinipakulia samaki aliyekwisha kutolewa miiba.

Tangu hapo, kila nilipobaki peke yangu, nilikuza herufi. Niliposikia viatu kwenye baraza, nilizipunguza. Nilikuwa na bahati, maana wafanyakazi wetu walikuwa wameanza kutembea kwa kishindo. Niliwakaripia hata kwa hilo. "Hapa ni ofisini," niliwaambia, "si kambini."

Juma lililopita alikuja fundi kutoka Lubumbashi, amevaa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwomba, ungali hai, aje aondoe mazagazaga yote katika programu ile, kwa kuwa nafasi ndani ya mashine ilikuwa imekwisha. Wote wakakusanyika. Akaanza kutaja.

"Kugawa safu?"

"Hapana, Sitwayeni!" akaruka Kasongo, karani wa mizigo, akimwita fundi "raia" kwa Kifaransa. "Mizigo ya meli nitaipanga wapi?"

"Kuchora mistari?"

"Ile ni yangu," akasema Mama Zawadi, mwenzako wa zamani aliyehamia kwenye kiti chako. "Ukiigusa, utalala hapa hapa bandarini na panya."

"Kukuza herufi?"

Fundi akatutazama. "Hii haina mwenyewe. Naitoa."

Nilimwona akinyoosha kidole. Ningenyamaza, ningetoka pale na heshima yangu, na kesho yake nisingeweza kusoma hata jina langu.

"Iache," nikasema.

"Ni ya nani, chefu?"

"Ni yangu. Sioni."

Kasongo hakuweza kujizuia. "Lakini chefu, si weye njo ulisema mashine iandike, basi?"

Walicheka. Kisha Mama Zawadi akasema, tena kwa upole: "Tunajua, Papa Feza. Tunajua zamani. Mama Feza, kabla ya kuacha kazi, alituomba tukuwe tunapiga viatu kwa nguvu kwenye baraza."

Mama Feza, niliwakaripia kwa kishindo ulichowaomba wewe. Fundi alifunga mkoba wake bila kuondoa kitu, akaenda kutafuta chakula. Mimi nilibaki nimeketi, masikio yakiniwaka.

Sufuria yetu iko kwa jirani tangu juzi. Amefiwa na mama yake. Itakaporudi nitaisugua, kisha nitaisukuma upande wako wa kitanda.

Leo asubuhi Kasongo aliingia bila kishindo. Nilishtuka kumwona amesimama nyuma yangu, macho kwenye kioo. Herufi zilikuwa kubwa. Mkono ulikwenda wenyewe kuzipunguza, nikaurudisha mapajani.

Lala salama, mwenzangu.

Mumeo,
Papa Feza