Yoramu Mtui na Jani la Isale Lisilo na Mwenyewe

Yoramu, mwaka umepinduka tangu askari wakupige risasi jikoni kwako, kwenye kihamba cha migomba ulichoachiwa na baba yako hapa kijijini Mamba, kikombe cha chai kikiwa mkononi.

Hatutaandika kwamba ulitutoka ghafla. Hukututoka, ulitolewa. Walikuwa wakimtafuta mwizi wa pikipiki wa Himo, wakapiga teke mlango usio wake, nawe ukasimama kuwauliza kuna shida gani. Baadaye wakasema ulikuwa na silaha. Wewe, ambaye kuku wa Krismasi ulimwachia mkeo Gladys amchinje, ukatokomea migombani hadi supu inukie!

Tunakukumbuka ulivyokuwa. Gladys alipojifungua Goodness, uliingia jikoni ukampikia mtori wa ndizi na nyama mwenyewe. Wanaume wenzako wakakucheka, ukawapimia kila mmoja bakuli, wakanyamaza. Mfereji wa maji ulipoziba hukungoja mkutano, ulishuka na koleo lako. Mazoezi ya kwaya ulichelewa kila Jumamosi, na besi yako, Mungu atusamehe, ilipotea njia kila ubeti wa pili. Tunaitamani hivyo hivyo.

Sasa sikia yaliyotokea hapa nyumbani. Mwezi wa nne walikuja wazee watatu, wametumwa na wakubwa wa wale askari, wakiwa na mbuzi na jani la isale. Unajua uzito wake: huku kwetu aliyeletewa isale hana budi kusamehe, hata kama ameuliwa mtoto. Walitaka tusamehe na kesi tuliyowafungulia tuifute. Tuliogopa, Yoramu, tusikufiche. Wote tukamtazama mama yako, Bibi Eunike.

"Aika kwa kuja," akawashukuru. "Ni nani aliyekosa?"

"Ni askari, mama."

"Askari yupi? Hana jina?"

"Aliyefyatua hajajulikana, mama. Uchunguzi bado unaendelea."

"Sasa jani hili ni la nani?"

Mkubwa wao akamsihi, "Mama, wewe ni mtu mzima. Isale halikataliwi."

"Sijalikataa, baba. Mwenye nalo alilete mwenyewe, asimame hapa aseme, 'Mimi fulani nimemuua Yoramu.' Nitalipokea kwa mikono miwili. Halafu twende naye mahakamani akaseme hivyo hivyo."

Waliondoka shingo upande, na mbuzi wao. Kesho yake kaka yako Thadeus akateremka Moshi kwa wakili kumwambia kesi iko pale pale. Tumeambiwa tunajitafutia matatizo. Tumeambiwa serikali haishindwi. Mama yako anawajibu kwamba yeye hashindani na mtu, ameuliza tu swali. Na wiki iliyopita mahakama nayo imeliuliza: imeamuru polisi walete majina ya wote walioingia jikoni kwako.

Yatasomwa Jumatatu ijayo. Tutakuwepo, benchi la mbele, na nguo zetu za kanisani.

Unakumbukwa na mama yako Bibi Eunike, mkeo Gladys, wanao Goodness na Ezra, kaka yako Thadeus na mkewe Hellen, majirani wa mferejini, na wanakwaya wenzako ambao sasa wanaanza kwa wakati na hawaoni raha yake.

Jina lako tutalitaja daima, Yoramu. La aliyekuua tunalisubiri.