Waliopiga Goti kwenye Lango la Mkwaju

Jumatatu, 5 Mei

Chai, chapati moja, magazeti matatu. Yote mabovu. Nimepigia mstari makosa kumi na moja kwenye tahariri moja, nikachoka. Mvua tangu alfajiri. Maji yanashuka ngazini kama kawaida ya jengo hili, na mwenye jengo hajulikani aliko, kama kawaida yake.

Mhariri amepiga simu. Makala yangu ya Jumamosi anataka iwe juu ya mchezo mpya wa mtandaoni ambao watu wa mjini wamezama ndani yake. Nimemwambia nimefundisha historia miaka ishirini na kuandika safu miaka kumi, sijafikia kuandika juu ya michezo ya simu. Akasema ndiyo maana anataka niandike mimi. Anataka damu. Nitampa.

Waliotengeneza mchezo wenyewe wako humu humu Mchafukoge, ghorofa ya pili, chini yangu. Vijana watatu, chumba kimoja, juu ya duka la mapazia. Kiongozi wao anaitwa Neema. Kila asubuhi ananisalimia ngazini. Sijui kama huwa namwitikia. Huwa natunga sentensi kichwani.

Jumanne, 6 Mei

Nimeingia. Mchezo unaitwa Ngome ya Mkwaju. Unatengeneza mhusika, unampa jina na kazi, kisha unaishi naye kwenye mji wa zamani wa pwani pamoja na wenzako, kila mmoja na simu yake popote alipo. Wavuvi, wahunzi, waganga, waashi. Majini hutoka baharini kuvunja ukuta, watu wanaujenga tena. Umri unaandikisha wako wa kweli. Nimeandika hamsini na tatu. Jina langu humo ni Bi Hoja.

Kasoro za saa moja tu: mvua inanyesha ndani ya nyumba, nje kukavu. Punda anatembea darini miguu juu. Samaki niliyemnunua kaniponyoka mkononi, akanifuata sokoni akielea hewani kama mdai. Nimecheka peke yangu. Nimekasirika kwamba nimecheka.

Langoni mtu mmoja kaja mbele yangu, kapiga goti. Yakatokea maandishi: Shikamoo. Mahali pa kuitikia sikupaona na sikupatafuta. Bando likakata. Nilikuwa na ya kutosha kuandika.

Alhamisi, 8 Mei

Makala iko tayari. Ina meno. Sehemu moja ilikuwa imepwaya, leo nimeipatia nyama, na ninaandika hapa jinsi nilivyoipata.

Nilikwenda Kariakoo kununua kitenge kwa Shabani. Nilimfundisha kidato cha pili, hakuwahi kukumbuka mwaka hata mmoja wa tukio lolote, sasa ana duka na kitambi. Nilimkuta anatazama simu. Yumo kwenye mchezo huo huo, mwashi wa ngome. Akaniambia tangu juzi yuko magotini. Ukimsalimia mkubwa wako, mhusika wako anapiga goti, na haamki mpaka mkubwa aitikie. Ukizima simu ukawasha, bado uko magotini. Na kuna bibi mmoja mgeni anaitwa Bi Hoja, amesimama langoni kama nguzo, haitikii. Kasoro nyingine hiyo: mtu akitoka mchezoni, mhusika wake anabaki amesimama pale alipomwacha. Kwa hiyo kila anayeingia mjini anamkuta.

Nikamuuliza kama mchezo unawalazimisha kusalimia. Hapana. Kwa nini basi wasimpite, maadamu wameshajua?

"Mwalimu," akasema, akishusha jora, "nimpite mtu mzima kama nampita mbuzi?"

Sikumwambia Bi Hoja ni nani.

Akaendelea, bila kuulizwa. Dada yake yuko Masasi, hawajaonana tangu walipomzika mama yao. Dukani hatoki, nauli na siku za kusafiri hapati. Sasa kila alasiri wanavua samaki pamoja kwenye mchezo. Tangu akwame, dada huja na kukaa chini karibu yake, wanapiga soga. "Ubovu unao, Mwalimu, sitakudanganya. Lakini nawashukuru hao watoto."

Nilinunua doti moja nikarudi nyumbani. Nikaandika: "Hawa ndio sisi, watu wanaopiga magoti mbele ya mtu ambaye hayupo." Nikaona ni sentensi nzuri kuliko zote nilizoandika mwaka huu.

Jumamosi, 10 Mei

Imetoka. Simu tangu asubuhi. Rafiki zangu wa zamani wa chuo wanasema sijazeeka hata kidogo. Muuza magazeti wa mtaani kaisoma sentensi ya magoti kwa sauti mbele ya wateja.

Nimefurahi. Nimefurahi sana. Naandika hivyo ili baadaye nisijidai kwamba sikufurahi.

Jumapili, 11 Mei

Nimekutana na Neema ngazini, amebeba ndoo ya maji. Kasalimia kama kawaida. Macho mekundu. Nikajua ameisoma.

Hakulalamika. Afadhali angelalamika, ugomvi naujua. Kaniambia tu kwamba mfadhili wao, anayewalipia seva, ameisoma pia, na amewaita Alhamisi. Anafikiria kujitoa. Akijitoa mchezo unazimwa, hawana mwingine.

Nikamwuliza, kwa ukali kuliko nilivyokusudia, ni mtengenezaji gani anayeacha mtu apige goti bila mwisho. Mashine huwekewa muda wa kusubiri. Hata mimi najua.

Akatua ndoo.

"Hilo ni kosa langu, Mama. Sikuweka muda. Kwa bibi yangu Songea, sijawahi kuona mtu mzima akasalimiwa asiitikie. Haikunijia kabisa."

Nilipanda zangu juu. Nilikuwa nimeshafungua mlango, ufunguo mkononi, nilipokumbuka kwamba shikamoo yake niliiacha pale pale kwenye ngazi.

Jumatatu, 12 Mei

Asubuhi nilinunua bando la kutosha nikaingia.

Niliacha kuwahesabu baada ya thelathini. Lango zima watu wamepiga magoti kumzunguka Bi Hoja. Nilitegemea matusi. Nikakuta kijiwe. Mhunzi, ambaye kumbe ni fundi magari wa Buguruni, anauza mapanga akiwa amepiga goti. Mganga anatibu wanaomfikia. Wasiokwama wanawaletea waliokwama samaki, na samaki wanaelea juu ya vichwa vyao. Nikakaa kimya nikisoma maneno yao. Mmoja anamtania mwenzake kwamba hata nyumbani kwa wakwe hajawahi kukaa kwa adabu muda mrefu hivi. Mwingine anasema afadhali walikwama nje, maana ndani kunanyesha. Mtu akauliza kama bibi huyu anaumwa. Akajibiwa kwamba huenda simu yake ni mbovu, au bando limemwishia, watu wazima hawana mtu wa kuwasaidia.

Wananitafutia udhuru. Mimi.

Nikatafuta kitufe cha kuitikia. Kimejificha pembeni chini ya ramani, kidogo kama punje ya mtama. Nikaanza. Marahaba. Mmoja akaamka. Marahaba. Mwingine. Imenichukua karibu asubuhi nzima, kwa sababu kila nikibonyeza mara mbili haraka, simu inaganda. Kila aliyeamka aliandika asante kabla ya kwenda. Mwashi, ambaye najua ni Shabani, aliandika: "Asante, Bi Hoja. Pole na majukumu."

Nimelia. Hakuna namna nyingine ya kuliandika hili.

Jumanne, 13 Mei

Nimeandika makala nyingine. Nimesema kasoro zote ni za kweli na nilichosema juu ya watu ni cha kipuuzi. Nimeitaja ile sentensi na kuifuta kwa jina langu.

Miaka kumi sijafuta sentensi iliyochapishwa. Nimegombana na wabunge, maprofesa, shehe mmoja na wachungaji wawili, wote wakitaka nifute. Sikufuta hata nukta. Mkono ulikuwa mzito kama nabeba gunia.

Mhariri hataki. Anasema wasomaji wananisoma nipige, sio niombe radhi. Tumefokeana. Mwisho amekubali kuitoa, lakini Jumamosi, siku yangu. Kikao ni Alhamisi. Makala itatoka kwenye maziko ya mchezo.

Kwa hiyo nitakwenda mwenyewe.

Jumatano, 14 Mei

Nimemgongea Neema kuomba niende nao. Kasema karibu, na kwamba kiti kimoja kina mguu mbovu, nikalie kile kingine.

Nimeandaa kurasa nne za hoja. Nzuri. Siziamini.

Alhamisi, 15 Mei

Ofisi ya mfadhili iko Kivukoni, ghorofa ya juu, kivuko cha Kigamboni kinaonekana dirishani. Mzee wa miaka sitini na moja, suti ya kijivu, mpole. Wapole ndio wagumu. Mezani alikuwa na makala yangu, ameipigia mistari kwa kalamu nyekundu, kama ninavyowafanyia wengine. Akasoma ile sentensi kwa sauti. Vijana watatu wakatazama sakafu.

Nikasimama na kurasa zangu. Sikumaliza hata ya kwanza. Alinikatiza kwa adabu.

"Mama, sentensi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ni ya uongo?"

Hoja zote za kurasa nne zikanikimbia. Nikasema: "Imeandikwa na mtu asiyeitikia salamu, mzee. Yule ambaye hayupo ni mimi."

Akasema hajawahi kuufungua mchezo wenyewe, alikuwa akisoma ripoti tu. Neema akampa simu. Akatengeneza mhusika, akaandika umri wake wa kweli, akamwita Mzee Kijivu. Akatokea langoni. Na pale langoni, kwa kuwa sikuwa nimemhamisha, alikuwa amesimama Bi Hoja.

Tangu niingie ndiye mkubwa wangu wa kwanza humo. Nikatoa simu yangu. Nikabonyeza shikamoo. Bi Hoja akapiga goti.

Kitufe hakukiona. Akavaa miwani. Akageuza simu, ramani ikageuka nayo. Nilikuwa magotini kwenye kioo cha mtu ambaye angeweza kutuzima sote, na chumba kizima kinasubiri. Hakuna aliyemwonyesha, hata Neema. Punda akapita juu ya tao la lango, miguu juu.

"Huyu mmemkusudia?" mzee akauliza.

"Hapana, mzee," Neema akasema.

"Msimtoe."

Mmoja wa vijana akacheka akajiziba mdomo. Mzee akaendelea kutafuta. Mwisho akakiona, akakibonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu, kama anabonyeza kengele ya mlango. Bi Hoja akaamka. Mzee alivua miwani, akanigeukia mimi mwenyewe, kitini pangu.

"Marahaba," akasema. "Niwie radhi nimechelewa."

Amewapa miezi mitatu. Sharti moja, kasoro ya goti itengenezwe. Nje, kwenye lifti, Neema alinishika mkono akaushikilia mpaka tukafika chini.

Kurasa nne nimezisahau mezani kwake. Zikae huko.

Ijumaa, 16 Mei

Nimelala mchana kutwa. Mvua.

Jumamosi, 17 Mei

Makala ya pili imetoka. Matusi. Mmoja anasema nimenunuliwa. Mwingine anasema nimezeeka, amesikitika sana, alikuwa akinikata gazetini na kunihifadhi kwenye faili. Rafiki wa chuo hajapiga simu.

Imeniuma kidogo kuliko nilivyodhani. Nilikwenda Kariakoo nikamwambia Shabani kwamba Bi Hoja ni mimi. Akasema alishajua tangu ile siku niliyonunua doti bila kuomba punguzo. Anasema sijawahi kuacha kuomba. Hakutaja zile siku sita alizokaa magotini. Akaniagizia kahawa, akanionyesha kwenye simu ukuta ambao yeye na dada yake wameujenga upande wa bahari. Umepinda. Ni ukuta mzuri.

Jumatatu, 26 Mei

Chai, chapati moja. Magazeti bado sijayafungua.

Neema ametengeneza lile goti. Sasa mtu akisalimia asipoitikiwa kwa dakika moja, anaamka mwenyewe na kuendelea na safari. Kazi nzuri. Kwa hiyo hakuna tena anayenihitaji pale langoni, na bado kila asubuhi naingia, kabla ya kuandika chochote. Samaki wangu bado ananifuata. Mvua ya ndani bado. Punda yupo.

Leo maji yalichelewa bombani, nikachelewa nami. Nilipofika, lango lilikuwa tupu isipokuwa mwashi mmoja aliyepiga goti. Nikatazama. Dakika ikaisha, akaamka, kisha akapiga goti tena. Dakika nyingine. Akaamka, akapiga tena. Inaelekea amekuwa akifanya hivyo tangu duka lifunguliwe.

Nikaitikia.

Akaamka. Akaandika kwamba wateja wameanza kuingia, ngoja aende.

Baadaye nilisikia hatua ngazini na ndoo ikigonga ukuta. Niliacha kalamu, nikaenda nikafungua mlango.