Kutwa Moja Dubai

Maskati

Dada Salma,

Ziara ya kutwa ni safari ya kwenda na kurudi bila ya kulala ugenini. Ndivyo tulivyoafikiana na Shangazi Zuwena: kesho alfajiri tunakwenda Dubai kwa gari na usiku tunarudi, kwani ndege yangu ya Unguja ni keshokutwa. Nina furaha ya kitoto! Baridi ya hapa haikishindi kipupwe chetu, lakini shangazi nimemkuta anafunga mablanketi.

"Shangazi, si tumesema kutwa?"

"Kutwa, mwanangu. Ila tutapita kwa Ruqaya, sijamwona tangu tulipokuwa wasichana Unguja. Atakubali tuondoke hatujala chakula cha usiku?"

Nibusie mkono wa Mama, nami nakukumbatia. Niambie basi: kutwa moja itawatosha wawili hao?

Nduguyo,
Nasra