Shingo Nusu Laini, Nusu Ndevu

Mpendwa mshauri, nisaidie kwa jambo hili, maana nikimuuliza mtu wa hapa mtaani litafika kila kona kabla sijafunga mdomo. Mimi ni kinyozi, nimenyoa vichwa miaka arobaini na mmoja, nimenyoa maharusi, mahakimu na watoto ambao sasa wananiletea wajukuu zao, na wembe wangu haujawahi kumtoa mtu damu isipokuwa mmoja aliyepiga chafya, na hilo ni kosa lake. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe ingawa shule niliiacha darasa la tatu, nadhani mwalimu aliona yanatosha.

Sasa kinyozi gani ana vipele shingoni? Mimi ninavyo, chini ya kidevu, kila nikinyoa ndevu zinajikunja na kurudi ndani ya ngozi, na wateja wanaviona kwenye kioo. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, anafanya kazi kwenye kliniki ya ngozi, yeye ndiye anayeshika ile mashine ya leza inayounguza mzizi wa unywele usiote tena, akaniambia nije anitibu. Siku ya kwanza akaniuliza mbele ya watu kama nina mvi ndevuni, kwa sababu mwanga ule hufuata weusi wa unywele na mvi hauishiki kabisa. Nikamjibu sina hata moja, na ndiyo kwanza natafuta mke wa pili. Watu wakacheka. Yeye akaandika kwenye fomu kwamba sina mvi.

Mshauri, mvi ninazo, nyingi upande wa kushoto. Huu mwaka wa kumi najipaka rangi nyeusi, alfajiri, mlango wa bafu nimeufunga kwa komeo, hata mke wangu hajui, na kila siku ya kwenda kliniki nilipaka mpaka vile vishina vinavyobaki nikishanyoa. Nikaenda mara nne. Upande wa kulia ukawa laini kama kibuyu, upande wa kushoto ndevu zimesimama mafungu mafungu kama shamba lililopaliliwa na mtu mwenye usingizi, na vipele viko palepale. Wateja wakaniuliza nani kanifanya hivi, nami ningesema nini, nikasema msichana wa mashine ameruka sehemu, vijana wa siku hizi hawana mkono. Kumbe aliyekaa kwenye kiti changu, uso umejaa povu, ni mwenye kliniki. Akavaa miwani, akaniangalia shingo.

Kesho yake mjukuu wangu akaondolewa kwenye mashine, sasa anakunja taulo, na kwa kuwa bado yuko kwenye miezi ya majaribio, mwisho wa mwezi huu wataamua kama abaki au aende. Juzi alikuja nyumbani. Siku zote huniita mume wangu mzee kwa utani, siku hiyo aliniita babu. Akasema, "Babu, niambie kama kuna kitu sikukuuliza. Fomu yako nimeipitia mara tatu, sioni nilipokosea."

Nikamwambia anywe chai, inapoa.

Sasa nipe akili, nitamwokoaje mtoto huyu bila kuitaja ile rangi? Nimefikiria kusema mashine yao ni mbovu. Mimi ni mtu wa msimamo, neno langu nikishalisema silirudishi.

Kinyozi Mkono Mwepesi

JIBU

Mzee wangu Mkono Mwepesi, shikamoo. Vipele vinauma, na kuuona uzee kwenye kioo kila asubuhi ni kazi, kwa hilo sikucheki.

Lakini mjukuu wako alikuuliza swali moja, tena lililo sahihi, wewe ukamjibu kwa mzaha. Kisha ukamtangaza kuwa hana mkono, wewe unayejua kuliko wengi kwamba fundi akishasemwa hana mkono, hana kazi. Ukisema mashine ni mbovu, utakuwa umetafuta mwingine wa kumbebesha uongo wako. Njia ya kumwokoa bila kuitaja rangi haipo. Acha kuitafuta.

Kuanzia kesho usijipake rangi wala usinyoe shingo. Baada ya wiki moja nenda kliniki na mvi zako zikiwa nje, umwambie mwenye kliniki: mtoto aliniuliza, nikamdanganya, aliandika nilichosema. Aione shingo kwa miwani hiyohiyo. Na maneno uliyoyasema kwenye kiti chako, yafute ukiwa kwenye kiti hichohicho, wateja wakiwepo. Leza usiirudie ukiwa na rangi, rangi haifiki kwenye mzizi, na ingeweza kukuunguza ngozi, umebahatika. Mvi zilizobaki, mwambie mjukuu akueleze kuhusu sindano ya umeme inayochoma mzizi wa unywele mmoja mmoja, au uzipunguze kwa mashine ya kunyolea bila kuugusisha wembe kwenye ngozi.

Kuhusu mkeo, mzee wangu, huu mwaka wa kumi anafua foronya zako. Anajua. Amekutunzia siri hiyo bila kumharibia mtu jina, kwa hiyo ukikosa ujasiri, mwombe akusindikize mpaka mlangoni.

Na mjukuu wako akija tena, chai isubiri. Mpe kwanza jibu la swali lake.