Mboga Isiyo na Chumvi

Jumatatu, 8 Machi 1954
Sombe, majani ya muhogo, tena bila chumvi. Siku ya sita. Mawese kidogo, kitunguu, pilipili mbili, ndimu mwishoni. Mume wangu alikula matonge matatu, akasema ameshiba. Mwongo. Kapita, msimamizi wa wapakuzi wa bandarini, hashibi kwa matonge matatu.

Miguu yake bado imevimba. Nikibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo linabaki. Munganga wa dispanseri alisema damu inamkimbia mbio na moyo umechoka. Chumvi itoke kabisa, la sivyo maji yatapanda mpaka kifuani, na hapo hana dawa ya kutupa. Jirani anadhani tunafunga Kwaresima. Namwacha adhani.

Moyo wake umechoka. Wangu hakuna aliyeupima.

Alhamisi, 11 Machi
Aibu, na ni yangu mwenyewe. Kopo la chumvi nililitoa nyumbani siku ileile. Makayabu, samaki wakavu wa dukani, nikayabakiza. Nayaloweka, nayapika na nyanya, najisifu kwamba mume wangu angalau anakula samaki. Leo munganga akaniuliza anakula nini. Nilipotaja makayabu alishika kichwa.

"Mama, ile samaki njo chumvi yenyewe!"

Miaka sita kwa Masista, kusoma na kuandika, na hilo halikunijia. Nimegawa makayabu yote. Sasa ni samaki mbichi wa mtoni tu.

Jumapili, 14 Machi
Najaribu kila kitu. Tangawizi: alikunja uso. Mbika, zile mbegu za maboga, nilizikaanga nikazisaga: alikula nusu. Leo nimechoma nyanya juu ya makaa mpaka ganda likawa jeusi, nikazitwanga na pilipili na kitunguu kibichi, nikakamulia ndimu. Sahani ikarudi tupu. Nilitaka kulia kwa ajili ya nyanya. Furaha yangu imekuwa ndogo kiasi hicho.

Jioni shimo la kifundoni lilijaa upesi zaidi.

Jumatano, 17 Machi
Mama mkwe amefika kutoka Pangi, juu ya lori, na kuku mmoja na kikapu cha uyoga mkavu. Alisikia mwanawe anaumwa. Nilimpakulia. Akachovya tonge, akatafuna, akaliweka chini lililobaki.

"Nani amekufa hapa?"

Kwao chakula bila chumvi ni cha kilio. Aliyefiwa hula hivyo mpaka wazee wamrudishie chumvi mdomoni kwa vidole vyao. Nilipiga magoti, nikaeleza maneno ya munganga moja baada ya jingine. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Yustina, unapikia mutoto yangu kilio, na yeye iko anapumua?"

Mume wangu alitazama ukuta. Simlaumu. Hapana, namlaumu.

Jumatatu, 22 Machi
Mama mkwe hagusi mboga yangu. Anakula ndizi za kuchoma, peke yake, mlangoni. Ila ameomba jambo moja: bugali wa mwanawe ausonge yeye. Nimekubali mara moja. Mikono yangu inauma, na mzazi ana haki yake. Anausonga vizuri kuliko mimi, lazima niseme. Mimi na mboga, yeye na bugali. Nyumba imetulia.

Jumamosi, 27 Machi
Wiki iliyopita viatu vya kazi vilianza kuingia. Leo havikuingia. Alikwenda bandarini na ndala, kapita mzima, mbele ya watu wake.

Nimehesabu kila nilichopika. Sioni kosa.

Ijumaa, 2 Aprili
Hawezi kulala chali. Analala ameketi, mgongo kwenye ukuta. Nimeondoa mawese, nimeondoa karanga. Mboga sasa ni maji na majani. Mimi mwenyewe siitaki. Mama mkwe ananiangalia ninavyopika, namsikia anavyovuta pumzi. Nina hakika anasema moyoni kwamba namuua mwanawe. Kuna saa namwamini.

Jumanne, 6 Aprili
Nimejua.

Naosha vyombo, kwenye sahani yake kumebaki kipande cha bugali. Nilikuwa na njaa, nikakitia mdomoni. Chumvi! Chumvi ya kukaza ulimi. Nani anatia chumvi katika bugali? Hapa Kindu hakuna. Ndiyo maana hakuna anayeonja. Mimi na wanangu tunakula wali, kapu la bugali ni la mwenye nyumba peke yake. Wiki mbili nimeminya ndimu na kujilaumu, na ugonjwa unapita mlango mwingine.

Hilo si baya zaidi. Baya ni kwamba mume wangu ana ulimi. Amejua tangu tonge la kwanza. Nilimwuliza. Alisema, "Ni mama," kana kwamba hayo ni majibu.

Nina hasira na wote wawili. Bibi kula chumvi nyingi ni sifa yake, lakini mwanawe hana miguu ya kuibeba. Nimwambie nini? Mkwe hamgombezi mkwe. Nilisimama mlangoni mwa jiko, yeye anasonga, nikarudi ndani.

Alhamisi, 8 Aprili
Ameanguka bandarini kabla ya adhuhuri. Watu wake walimbeba juu ya magunia mpaka hospitali. Midomo ya kijivu. Anapumua kwa kelele.

Munganga alibonyeza miguu yake, akageuka. Chumba kizima kinasikia. "Nani anamupikia huyu muntu? Nani anamupa chumvi?"

Mama mkwe alikuwa ameketi sakafuni, ameshika unyayo wa mwanawe. Akainamisha kichwa.

Nikasema, "Njo mimi."

Munganga alinikaripia mbele ya wagonjwa na wageni wao. Alisema mimi ni mwanamke wa kusoma, na bado namchimbia mume wangu kaburi kwa mwiko. Nilikubali yote. Si wema. Sikuwa na nguvu ya ugomvi mwingine, na mume wangu angeinuka kitandani kumtetea mama yake, akafa kwa kuinuka. Mama mkwe alinitazama. Sikumtazama.

Jumatano, 14 Aprili
Sindano. Maji yanatoka. Leo alilala chali saa nzima. Napeleka wali na nyanya za kuchoma, anamaliza. Mama mkwe hajaniambia neno tangu siku ile. Hapiki. Anafagia uwanja, anamaliza, anafagia tena.

Jumamosi ataruhusiwa. Munganga amesema: mara nyingine asiletwe, hatakuwa na la kufanya.

Jumapili ya Pasaka, 18 Aprili
Tumetoka misa, nimekuta chakula tayari. Mchicha wa lengalenga, nyanya za kuchoma, bugali. Mama mkwe alinipa kipande cha bugali kabla hajakigusa mtu mwingine. Nilionja. Unga na maji. Nikaonja mboga. Majani na ndimu.

Akaketi nasi. Akamega, akachovya, akameza. Tulisubiri.

"Nilikula hivi mara ine," alisema. "Watoto yangu ine. Kila mara nilikuwa nimekwisha kuzika. Huyu njo wa kwanza ninakula naye."

Sikujua. Miaka tisa ya ndoa, mume wangu hajawahi kunitajia hata mmoja wa hao wanne. Alisogeza bakuli karibu na mama yake. Mboga haikuwa na ladha sana, ndimu ilizidi kidogo. Tuliila wote mpaka ikaisha.